Ulikaa Miaka 5 Bila Kukimbia, Halafu Unataka Kurudi kwa Siku 30?

Wasee, leo naanza na kukiri: siku ya 12 ya ile chalenji yangu haikuwahi kuwepo.

Kama ulikuwa ukinifuata mwaka jana unaikumbuka. Niliiita "Siku 30 za Kurudi". Mimi na fulana nyekundu, napanda barabara ya vumbi kuelekea Menengai, jua linachomoza nyuma yangu, ngoma imepanda, na maandishi makubwa kwa skrini: SIKU YA 12, HAKUNA KISINGIZIO. Hiyo video ilitembea kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Hadi mathe alitumiwa na mama mmoja wa chama chao, akanipigia simu akicheka kwa furaha.

Ukweli ni huu. Siku ya 12 nilikuwa kitandani, mguu wa kushoto juu ya mito miwili, barafu imefungwa kwa taulo kwenye ule mfupa wa mbele, chini ya goti. Kushuka ngazi kwenda kununua mkate nilikuwa nashika ukuta. Klipu mliyoona niliirekodi siku ya 4. Nilibeba fulana tatu kwa begi, nikawa nabadilisha nyuma ya mti, nikatoa "siku" tatu kwa asubuhi moja. Siku ya 9 mguu ukakataa kabisa. Siku ya 10, 11 na 12 mlizoona ni zile fulana. Siku ya 13 nikanyamaza. Wiki iliyofuata nikaweka video ya kupika chapati, na hakuna mtu aliuliza kitu.

Isipokuwa mmoja. Kijana wa kidato cha pili, anatoka huko juu upande wa Molo. Aliniandikia kwa inboksi miezi miwili baadaye. Aliandika hivi: "Brathe, mimi nilifuata chalenji yako yote. Mguu ulianza kuuma siku ya 11 lakini nikaona wewe umepanda Menengai siku ya 12, basi nikaendelea. Daktari amesema mfupa una ufa. Sitakimbia mbio za nyika za shule mwaka huu. Wewe ulifanya aje mguu usiume?"

Nilisoma hiyo meseji nikiwa kwa matatu. Niliisoma mara tatu, nikashuka kabla ya steji yangu, nikatembea. Ilinichukua siku mbili kumjibu. Nilimwambia kila kitu: fulana, mti, barafu, ngazi. Aliisoma. Alama mbili za buluu. Hajawahi kunijibu, na simlaumu.

Kwa hivyo hii ninayoandika ni deni. Na neno lenyewe ni fupi: ukitaka kurudi kwa kukimbia baada ya miaka, usikubali aibu ndiyo ikupangie ratiba. Mimi ratiba yangu ilipangwa na aibu, na aibu haina subira hata kidogo.

Tuanze na mahali aibu ilitoka.

Mimi nilikuwa mkimbiaji. Nilikimbia mita 5000 na mbio za nyika mpaka kiwango cha kaunti, na kama unaijua kaunti ya Nakuru unajua hapo hakuna mchezo. Hapa unaweza kuamka vizuri, ukimbie mbio bora za maisha yako, na bado upitwe na kijana mwembamba wa Kuresoi anayekimbia kama ametumwa dukani na ameambiwa arudi na chenji. Lakini nilikuwa hapo kati yao. Nikiwa na miaka 16 nilikimbia kilomita 5 kwa dakika 17 na kitu. Nilikuwa na jina shuleni. Mwalimu wa michezo alinijua kwa jina la baba.

Kisha ikafika kidato cha nne na kila mtu akaambiwa aweke viatu chini ashike kitabu. Nikaingia chuo, nikajua smokie na kulala saa tisa usiku. Mwaka wa pili nikaacha chuo. Hiyo ni stori ya siku nyingine, lakini sehemu yake mnaijua: karo, na kozi ambayo sikuichagua mimi. Nikaanza hii kazi ya video, ambayo watu wanadhani ni ya kuzungukazunguka, kumbe ni ya kukaa. Unarekodi dakika kumi, unahariri saa sita. Miaka mitano nikawa mtu wa kiti. Kutoka kilo 61 mpaka 79.

Siku iliyoniamsha nilikimbilia matatu pale mjini. Mita hamsini hivi, si zaidi. Nikafika mlangoni siwezi hata kusema ninaenda wapi. Kondakta akaniangalia kwa huruma, akaniambia, "Mzee, pumua kwanza, hatutakuacha."

Mzee! Nina miaka 23.

Usiku huo ndio nikapanga zile siku 30. Ukiniuliza leo nilikuwa nataka nini, sitakwambia nilitaka kukimbia. Nilitaka kufuta miaka mitano. Nilitaka mtu yeyote aliyenijua nikiwa na jina aone kwamba hakuna kilichopotea: si mbio, si chuo, si mimi. Ukiangalia zile video vizuri utaona huyo mtu hakimbii kuelekea mahali. Anatoroka.

Sasa hebu nikuletee mtu mwingine wa kaunti yetu.

Faith Kipyegon ametoka Keringet, Kuresoi Kusini. Huko ndani kabisa kwa baridi, kwa mashamba ya chai na viazi. Mwaka wa 2010, akiwa na miaka 16, alikimbia mbio za nyika za dunia za vijana kule Bydgoszcz, Poland, miguu mitupu, akawa wa nne. Mwaka wa 2016 akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 kule Rio. Mwaka wa 2017 akawa bingwa wa dunia, London. Hapo ni mtu aliye juu ya kila mtu.

Halafu Juni 2018 akajifungua mtoto wa kike. Msimu wote huo hakushindana. Alirudi kwa mashindano kati ya mwaka wa 2019, yaani mwaka mzima baada ya kujifungua. Oktoba mwaka huo, kwa mashindano ya dunia ya Doha, alikimbia 3:54.22. Hiyo ilikuwa kasi kuliko alivyowahi kukimbia maisha yake yote, na bado akawa wa pili, nyuma ya Sifan Hassan. Dhahabu ya Tokyo ilikuja Agosti 2021. Na ile Juni 2023 ambayo sote tulikuwa tunarukaruka mbele ya televisheni, alipokimbia 3:49.11 kule Florence na kuvunja rekodi ya dunia? Hesabu. Ni miaka mitano kutoka siku aliyojifungua.

Kurudi kwa mashindano, mwaka mmoja. Kurudi kwa dhahabu ya Olimpiki, miaka mitatu. Rekodi, miaka mitano. Huyo ni bingwa wa Olimpiki, amezaliwa mlimani, anafanya mazoezi Kaptagat chini ya Patrick Sang, kocha yule yule wa Eliud Kipchoge. Ana watu wa kumkanda miguu, ana watu wa kumwangalia mlo.

Mimi nilikuwa na raba za mitumba, smokie mbili na simu. Na nikajipa siku 30.

Najua kuna mtu tayari anasema, "Lakini huyo alizaa, wewe ulikaa tu kwa kiti, hizo si hali moja." Kweli kabisa, si hali moja, na sitajilinganisha na mama yeyote. Wengine watasema yeye alikuwa anarudi kwa kiwango cha dunia, sisi tunataka tu kukimbia bila kufa. Hiyo pia ni kweli. Lakini ninachochukua kwake si kiwango, ni subira. Mtu aliye na kila kitu cha kumsaidia aliupa mwili wake muda. Mtu asiye na chochote anaona muda ni wa wavivu. Hapo ndipo tumekosea, na tumekosea kama kijiji kizima.

Juu hebu tuseme ukweli kuhusu sisi watu wa huku. Kwetu kukimbia ni kazi. Ni tiketi. Tumekua tukiona majirani wakitoka kwa nyumba ya mabati wakaingia kwa ya mawe kwa sababu ya miguu. Ni kitu kizuri, najivunia. Lakini kimetuachia ugonjwa mmoja: tunaamini mtu anayekimbia lazima awe anaenda kushinda. Kama hutashinda, acha. Ndiyo maana wengi wetu tulikimbia kila siku tukiwa shule, na siku tulipogundua hatutapelekwa mbele, tukaacha kabisa, kama mtu aliyefutwa kazi. Nenda Kaptembwo, nenda Free Area, nenda Bondeni, uliza vijana wa miaka 25 nani alikuwa mkimbiaji shuleni. Mikono itainuka. Uliza nani alikimbia wiki hii.

Na ukijaribu kutoka polepole, mtaa unakusaidia kuumia. Mtu wa nduthi anapiga honi, "Wewe Kipchoge, ongeza!" Watoto wanakukimbiza wakiwa na malapa na wanakupita. Mimi naishi London. Tulieni, London ya Nakuru, hii ya hapa. Asubuhi moja nikiwa najikokota nilipitwa na mama aliyebeba mtungi wa maziwa. Hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea. Akaniambia, "Pole, baba," na akaendelea na safari yake.

Hebu sasa niwaeleze kilichotendeka ndani ya mguu wangu, maana miaka yote ya shule hakuna mtu aliyewahi kuniambia, na nimekuja kuelewa nikiwa nimeumia tayari.

Mwili haurudi wote kwa mwendo mmoja. Ukiacha mazoezi, cha kwanza kupungua ni damu yenyewe: ndani ya wiki chache yale maji ya damu yanashuka, na moyo unasukuma kidogo kwa kila pigo. Ndiyo maana hata likizo ya wiki tatu unaisikia kwa kifua. Habari njema ni kwamba hiyo ndiyo inarudi mapema pia. Ukianza tena, wiki tatu au nne unasikia pumzi imefunguka. Na hapo ndipo mtego uko. Mifupa na kano, zile kamba zinazoshikanisha misuli na mfupa, hazina haraka hiyo. Mfupa ukipata mzigo mpya, kwanza unabomoa sehemu za zamani ndipo ujenge mpya, na hiyo kazi ni ya miezi. Kuna kipindi kifua kinasema "twende" na mguu bado uko kwa ujenzi. Ni kama kupitisha lori kwa daraja ambalo simiti haijakauka.

Mtu ambaye hajawahi kukimbia ana bahati moja: hajui. Akichoka anatembea, hana wa kumwonea haya. Sisi tuliokuwa wakimbiaji ndio tuko hatarini, kwa sababu kichwa kinakumbuka mwendo ambao mifupa haiwezi tena kubeba. Siku ya kwanza nilitoka na ule mwendo wa miaka 16, nikiwa na kilo 18 zaidi. Kilomita 6 siku ya kwanza. Kilomita 8 siku ya 3. Siku ya 4 mlima, mara tatu, juu ya zile fulana. Hata sikungoja pumzi ifunguke.

Halafu kuna hii hewa yetu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi unayovuta hapa ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya mtu wa Mombasa. Ukifika juu kabisa ya Menengai uko mita 2,278, zaidi ya mita 400 juu ya mji. Iten, pale wazungu wanakuja na mabegi yao kutafuta hii hewa nyembamba, ni kama mita 2,400. Mwili uliolelewa huku umeizoea, sawa, lakini mlima ni mlima. Ile ratiba uliyopakua kwa simu iliandikwa na mtu wa London ile nyingine, na barabara zake tambarare karibu na usawa wa bahari. Ikisema "siku ya 5, panda kilima", hakuwa anafikiria Menengai. Ukifuata mwendo wake hapa utajiona dhaifu bure.

Kwa hivyo nikaanza upya. Hii ndiyo sehemu sijawahi kurekodi.

Nilikaa miezi mitatu bila kukimbia, mpaka mfupa ukaacha kuuma nikiubonyeza. Kisha nikatoka na binamu yangu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, siku tatu tu. Dakika 20: kukimbia dakika moja, kutembea dakika mbili, unarudia. Hiyo ndiyo ilikuwa wiki ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Wiki ya nne tukaongeza: dakika mbili kwa mbili. Mwezi wa pili, dakika tano kukimbia, moja kutembea. Kila baada ya wiki tatu za kuongeza, wiki moja tunapunguza hata kama tunajisikia kama simba. Hasa kama tunajisikia kama simba. Mwezi wa nne ndipo nikakimbia dakika 20 bila kusimama. Nilipomaliza nilikaa kwa ukingo wa barabara nikacheka peke yangu.

Sheria ya mwendo ilikuwa moja: lazima tupige stori. Kama siwezi kumaliza sentensi, nimeenda mbio sana. Binamu akawa ananiuliza maswali makusudi, mambo ya mpira, mambo ya kaka yake na deni lake, na nikijibu kwa neno moja anajua, ananivuta shati. Ukikimbia peke yako, imba. Kama wimbo unakatika katikati ya mstari, punguza. Sehemu kubwa ya pumzi ya kukimbia mbali inajengwa hapo, kwa mwendo ambao unaona aibu kuonekana nao. Na si wanyonge peke yao wanafanya hivyo. Alhamisi ukienda Iten utaona mamia ya watu wakikata barabara ya vumbi kwa mwendo wa kubadilisha, kasi kisha pole, kasi kisha pole, na utaogopa. Lakini nenda siku ile ya mazoezi mepesi. Utakuta watu wenye medali wakienda taratibu, wakiongea, kama wanaenda sokoni. Sisi huwa tunaona video za Alhamisi tu.

Tulifundishwa hii kitu darasa la tatu. Mwenda pole hajikwai. Tuliiandika kwa insha tukapata alama, kisha tukatoka darasani tukaanza kukimbizana.

Mambo mengine ya haraka, maana sitaki mtu mwingine aniandikie ile meseji. Kama kifua kinauma ukikimbia, ama unapata kizunguzungu, ama una pumu au shida ya moyo, muone daktari kabla ya kitu chochote. Misuli kuuma siku mbili ni kawaida. Mfupa kuuma mahali pamoja, ukiubonyeza unaruka, na hata ukilala unapiga, huo si uchovu na si udhaifu wa roho. Simama. Usikimbie kando ya barabara kuu alfajiri kwa giza, malori hayo hayakuoni. Huko Menengai usiende peke yako. Na kwa mabinti: dada yangu mdogo alijaribu kutoka nasi, na nikagundua kwamba kile ninachoita "kuzomewa na watu wa nduthi" kwake ni kitu kingine kabisa. Yeye hatoki kabla ya jua kuchomoza na hatoki peke yake. Basi wanaume, kama unakimbia na unaona binti anakimbia, nyamaza umpishe njia. Hiyo pia ni mazoezi.

Sasa, kuna mtu atasema chalenji si mbaya, kwamba bila ile ya siku 30 nisingeinuka kwa kile kiti. Nimelifikiria hili sana, juu ni kazi yangu hapa inazungumziwa. Na ni kweli, ilinitoa kwa kiti. Lakini ilinitoa kwa siku 9, kisha ikanirudisha kitandani kwa miezi mitatu. Ukipiga hesabu hiyo ni hasara. Shida yenyewe si kuhesabu siku. Shida ni kuweka mwisho karibu, halafu kuweka watu wakuangalie. Ukiwa na watu 20,000 wanaongoja siku ya 12, mguu hauna kura tena. Na mimi nilikuwa najua venye kamera inakata: inakata kutembea, inakata kupumzika, inakata wiki ya nne ambapo hakuna kilichobadilika. Inabakisha jua likichomoza. Yule kijana wa Molo alijilinganisha na jua.

Leo niko wapi? Mwezi wa tisa tangu nianze upya. Nakimbia kilomita 8 bila kusimama. Kilomita 5 nafanya kwa dakika 31. Nisome tena: thelathini na moja. Nikiwa na miaka 16 ilikuwa 17. Menengai bado sijaimaliza nikikimbia, kuna ile sehemu karibu na juu natembea, mikono kwa magoti. Kilo ni 73. Sijui kama nitawahi kuwa tena yule kijana wa kaunti, na siku hizi kuna asubuhi nyingi zinapita bila kumfikiria.

Mathe ameona natoka asubuhi na narudi na jasho, bila simu mkononi. Juzi akaniwekea chai, akakaa, akaniuliza kwa upole ule wa kutafuta mlango: "Na chuo, baba? Unaonaje?" Mwaka jana ningemjibu kwa hasira ama kwa ahadi. Ningemwambia semista ijayo, kozi yote, namaliza na wenzangu. Wenzangu walishamaliza. Safari hii nilimwambia sijui bado, lakini nimeuliza kuhusu kozi fupi ya jioni, ya miezi mitatu, na nitaanza na hiyo nione. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema miezi mitatu si mbaya, na akaniongezea chai.

Na wewe wa Molo, kama unasoma hii. Najua haunidai maneno, unanidai msimu, na huo siwezi kukurudishia. Ninachoweza ni kukwambia kile ambacho ningepaswa kukwambia siku ya 9: mguu wangu uliuma. Uliuma vibaya sana, na niliacha. Una miaka 15 ama 16. Ngoja daktari akwambie uko sawa, kisha anza na dakika moja, tembea mbili, na mwalimu akikuuliza mbona uko nyuma mwambie uko kwa ujenzi.

Video ya siku ya 12 nimeitoa leo asubuhi. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu mimi na binamu tutaanzia pale chini, barabara ya vumbi ya kwenda Menengai. Anayetaka kuja aje na viatu vyovyote. Tutakuwa tunapiga stori njia nzima, na pale karibu na juu tutatembea.